Ng'ombe wa Mama Mkwe

Watu waliokuja kumpa pole Breki walikuwa wa aina mbili. Wapo waliouliza habari za mguu, na wapo waliouliza habari za ng'ombe. Hao wa pili ndio waliokuwa wengi.

Alilala chumba cha mbele, kwenye godoro lililotandikwa chini ya dirisha, mguu umefungwa plasta kutoka pajani hadi kwenye kisigino. Mgeni akitaka kumfikia ilibidi apite kati ya cherehani na meza ya kukatia nguo, akiwa amebana mikono kama anayevuka mto. Mkewe, fundi cherehani, hakusimamisha kazi kwa ajili ya wageni. Sare za shule zilikuwa zinasubiriwa, na sasa nyumba nzima ilikuwa inategemea miguu yake miwili ya kukanyagia cherehani. Alishona na kusikiliza.

Alichosikia kilikuwa kilekile. Breki amemgonga ng'ombe wa mama mkwe wake, akamuua. Angekuwa ng'ombe wa mtu baki, watu wangesema ni bahati mbaya wakaendelea na shughuli zao. Lakini ng'ombe wa mkwe, tena yule wa maziwa, ilikuwa hadithi yenye nyama, na watu waliitafuna. Jina la Breki alikuwa amepewa na abiria, kwa kuwa miaka yote ya kuendesha bodaboda hakuwa amegonga hata kuku. Wenzake wa kijiweni walishaanza kumwita Bucha. Walimwita hivyo mbele yake, kwa kicheko, naye akacheka nao. Walipoondoka aligeukia ukuta.

Askari wa barabarani alikuwa amemfuata hospitali na kumweleza mambo yalivyo. Sheria yenyewe, alisema, ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Mnyama akiwa barabarani, mwenye mnyama ana kesi. Mnyama akiwa amefungwa pembeni na chombo kikamfuata hukohuko, mwenye chombo ana kesi. Huyu ng'ombe alikutwa amekufa pembeni, nje ya lami, upande wa nyumba ya mwenyewe. Shingoni alikuwa na kamba ya katani, na kamba ilikuwa imefungwa kwenye kigingi sawasawa. Askari aliinyoosha kwa mkono wake. Iliishia kwenye ukingo wa lami. Kwa hiyo ng'ombe hakumfuata Breki barabarani. Breki ndiye aliyemfuata ng'ombe malishoni.

Breki mwenyewe alikumbuka kitu kingine. Alikumbuka kwamba alipokaribia nyumba ya mkwe alipiga honi mara mbili, kama alivyozoea, maana ile ndiyo ilikuwa hodi yake ya mbali kwa mkwe. Akamwona ng'ombe anatokea ng'ambo, upande usio na nyumba, anakuja mbio kukatisha barabara. Zaidi ya hapo ni giza.

Alilisema hilo hospitali, akalisema tena nyumbani. Daktari akamwambia kichwa kikigongwa huchanganya picha. Jirani mmoja akamuuliza ni ng'ombe wa namna gani huyo, kafungwa upande huu anatokea upande ule, au alikuwa na mbawa. Watu wakacheka sana. Mwishowe hata yeye akaanza kujitilia shaka. Fundi alimsikia akijiuliza polepole, mbele ya ukuta, kama kweli alimwona au alimwota.

Alhamisi walikuwa wanaitwa kituoni, pande zote mbili, Breki akubali kosa au akatae. Akikubali, leseni inachukuliwa na anapelekwa mahakamani kama mtu aliyeacha njia akaua mali ya watu. Mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwamba mtu asiye na leseni hana haja ya pikipiki. Breki hakujua kazi nyingine. Na bado alikuwa ameamua kukubali.

"Nitasema nimekosa, yaishe," alimwambia mkewe. "Siwezi kukaa mbele ya mama yako nikamwambia ng'ombe wake ni mwongo."

"Yaishe wapi?" mkewe akauliza. "Kwao yataisha. Hapa ndiyo yataanza."

Fundi alikata uzi kwa meno akaingiza sare nyingine.

Jumatano mchana alikwenda kwa mama yake kumpelekea dawa ya magoti. Nyumba ya mama ilikuwa imeitazama barabara, na kati ya ua na lami palikuwa na mtaro na utepe wa majani mabichi. Alimkuta mama ameketi kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Walisalimiana, wakaulizana habari za mguu na za magoti, kila mmoja akijibu kwamba hajambo kidogo.

Nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya ua, nyingine zimenaswa na miiba. Fundi hapendi kuona nguo inachomwa na miiba. Akauliza kamba ya kuanikia iko wapi. Mama akasema imekatika.

Aliinunua yeye mwenyewe kamba ile, mvua zilipoanza. Nailoni ya buluu, ngumu, ya kuvutia gari lililokwama. Akatazama nguzo. Kamba ikikatika huacha kipande huku na kipande kule. Nguzo hizi zilikuwa tupu, zimefunguliwa mafundo kwa utulivu na mtu mwenye nafasi. Akaurudia uso wa mama, na mama alikuwa ameinama juu ya maharage, anachambua yaliyokwisha chambuliwa.

Nyuma ya nyumba mdogo wake alikuwa anaziba tundu la zizi, humo amebaki mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Huyu walimwita Nusu Saa, kwa sababu ukimtuma popote atakwambia nusu saa tu narudi, na utamwona jioni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukutana na mazungumzo njiani. Fundi alimuuliza kamba ya nguo iko wapi. Kabla ya kujibu, Nusu Saa aliinua shingo kutazama kizingitini kama mama anasikia. Hilo lilimtosha dada yake.

"Sema," alimwambia.

Akasema, na alisema kwa shida, akizungushazungusha nyundo mkononi.

Kila mfugaji wa barabara ile hulisha ukingoni mwa lami. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami yakanywesha pembeni, kwa hiyo kiangazi kikiunguza kila mahali, pale tu ndipo panabaki kijani. Asubuhi unamfunga mnyama upande huu. Mchana, majani yakiisha, unamfungua, unaishika kamba mkononi, unatazama kulia na kushoto, unamvusha, unamfunga kwenye kigingi cha ng'ambo. Kuna kanuni moja tu, na hata mtoto anaijua: kamba iwe fupi kuliko lami.

Siku ile aliyepaswa kumvusha ng'ombe ni yeye. Alikuwa amekwenda kuziba pancha ya baiskeli, akaaga kwa nusu saa. Jua likapanda. Ng'ombe akamaliza majani ya upande wa nyumba, akaanza kulia. Mama alimvumilia, ikamshinda. Kumvusha ni kushuka mtaro na kuupanda, halafu kushuka mwingine ng'ambo na kuupanda, na magoti ya mama yalikuwa hayashuki wala hayapandi. Akaanua nguo, akafungua kamba ya buluu, akaiunga kati ya kigingi, kilichokuwa upande wake wa mtaro, na ile ya katani. Ng'ombe akavuka mwenyewe. Kamba ikalala juu ya lami, magari yakaikanyaga yakapita zake.

Kisha ikaja honi. Breki ndiye aliyekuwa akimletea ng'ombe yule pumba kutoka mashineni, na ng'ombe aliijua honi ile kama mtu anavyojua jina lake. Alipoisikia akaacha majani akarudi mbio.

Fundi alisimama akiwa ameshika nguzo ya zizi. Alikuwa anaona kila kitu. Kitu kimoja tu hakukiona.

"Ulifika lini?"

Nusu Saa akasema alifika vumbi halijatulia. Ng'ombe alikuwa amejikokota mpaka pembeni, anakata roho. Kamba ya buluu ilikuwa imejisokota kwenye gurudumu la pikipiki. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama alikuwa amesimama upande wa nyumba wa mtaro, mikono kichwani. Yeye akatoa kisu, akaikata kamba gurudumuni, akaikata shingoni mwa kigingi, akaifunga ile ya katani mahali pake. Ndipo akaenda kwa shemeji.

"Alikuwa amezimia?"

"Hapana."

"Alikuwa anafanya nini?"

Nusu Saa aliiweka nyundo chini. "Alikuwa anakuita wewe, dada."

"Na wewe ukaanza na kamba."

"Nikaanza na kamba."

Sauti ya mama ikatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amejikongoja hadi hapo, ungo bado uko mkononi. Alisema asilaumiwe mtoto, hakumtuma mtu kukata chochote, ila alimwona anakata akanyamaza. Na aliyeunga kamba ni yeye, si mwingine. Ng'ombe alikuwa wake. Kisha akasema kwamba mambo haya yalikuwa yamekwisha tengemaa. Amesikia mkwe atakubali kosa kwa hiari yake, na wao wamemsamehe ng'ombe, hawamdai hata kwato.

Fundi alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Akamwambia mama kwamba mtu hasamehewi jambo alilotendewa.

"Mwanamume akikubali kosa huwa ni mwanamume," mama akasema. "Mimi nikikubali nitakuwa bibi kizee aliyevunja mguu wa mkwewe. Utanitazama hivyo mpaka nife. Watu watanitazama hivyo."

Hakukuwa na hasira katika maneno yale, na hilo ndilo lililomuumiza fundi. Mama alikuwa anaomba. Hakuwahi kumsikia mama yake akiomba kitu maishani, hata maji. Akaiweka dawa juu ya dirisha akaondoka.

Alimwambia mumewe asubuhi ya Alhamisi, wakiwa wamekaa kwenye benchi la dukani wanasubiri gari. Alimwambia yote kwa mpangilio, kamba, mtaro, honi, kisu. Breki alisikiliza akiwa amekumbatia magongo yake. Alipomaliza, mumewe akasema, "Kwa hiyo alitokea ng'ambo."

"Alitokea ng'ambo."

"Alitokea ng'ambo kweli." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Nilidhani nimeharibika kichwa, mama watoto. Nilikuwa nalala nafikiri sasa nimekuwa mtu wa kuhadithiwa maisha yangu."

Fundi alimshika goti lile zima. Alidhani sasa wako pamoja. Lakini gari lilipoonekana kwa mbali, Breki alisema kwamba ametua, moyo wake umetua, na kwamba wasiseme. Mkwe ni mkwe. Akimpeleka mkwe wake kituoni, atapita pale na uso upi, na honi atapiga au atapita kama mwizi. Leseni ni karatasi. Mkewe akamwambia karatasi hiyo ndiyo inayopika ugali wa watoto, na kwamba ustaarabu wake asiutie kwenye sahani zao. Wakapanda gari bila kuelewana.

Ofisi ya askari ilikuwa chumba chenye meza moja na benchi mbili. Pembeni palirundikwa helmeti zilizopasuka, na nje ya dirisha pikipiki zilizokamatwa zilikuwa zinaota majani katikati ya spoku. Nusu Saa alikuwa amefika kabla yao, jambo lililowashangaza wote, hata yeye mwenyewe. Alisema mama hakuweza kuja, magoti. Alimsalimu shemeji yake kwa kuinamisha kichwa, na Breki akaipokea salamu kwa upole uliomchoma dada mtu.

Askari alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, anamenya karanga huku anasoma. Alisoma vipimo vyake, akaeleza tena sheria yake nyepesi, akamuuliza Breki kama amekumbuka chochote cha kuongeza au anakubali.

Breki akakohoa. "Afande, mimi nakubali..."

"Hakubali," fundi akasema.

Askari akamtazama juu ya maganda ya karanga. Akamuuliza yeye ni nani katika shauri hili. Fundi akajibu kwamba ni mke wa huyu na dada wa yule, na mtoto wa mwenye ng'ombe, kwa hiyo popote shauri litakapoangukia litamwangukia yeye. Kisha akaeleza. Hakupandisha sauti, wala hakumtazama mdogo wake. Alieleza kama anavyomweleza mteja kwa nini suruali yake haikumkaa: hapa palikuwa hivi, hapa pakaongezwa, hapa pakakatwa.

Askari alizisukuma karanga pembeni.

"Nani aliunga hiyo kamba?"

"Mimi," Nusu Saa akasema.

"Mama yangu," fundi akasema, karibu kwa wakati uleule.

Askari akawatazama mmoja baada ya mwingine. Alisema amefanya kazi hii muda mrefu, amezoea makosa yasiyo na mwenyewe, ila leo ameona kosa moja lina wenyewe wawili wanaligombea. Akauliza aliyeikata ni nani. Hapo Nusu Saa alijibu peke yake. Akauliza kamba yenyewe iko wapi. Iko chooni, shimoni. Askari akashusha pumzi ndefu, akasema yupo kijana wa kituo atakayetumwa kuiopoa, na leo hatamshukuru.

Halafu akapanga mambo. Kuunga kamba ni ujinga, na mwenye ng'ombe ataitwa aujibie, awe na magoti au asiwe nayo. Kukata kamba ni jambo jingine. Huko ni kuficha ushahidi, tena mtu amelala barabarani anavuja damu. Nusu Saa atabaki kituoni mpaka apatikane wa kumdhamini. Na Breki asijidhanie malaika, akaongeza, kwa maana mwenye nafasi ya kupiga honi mara mbili ana nafasi ya kupunguza mwendo mara moja, na hilo litaulizwa. Lakini leseni aichukue. Aliisukuma juu ya meza kwa kidole.

Nusu Saa alivua mkanda na viatu kama alivyoagizwa. Alipopita mbele ya dada yake alisimama kidogo. Fundi alingoja tusi, na angelipokea. Mdogo wake alisema tu kwamba yule mtamba wa zizini hajatolewa tangu asubuhi, alikuwa ametegemea kurudi mapema.

Nje, Breki alisimama juu ya magongo yake, leseni iko mfukoni mwa shati. Hakumshukuru mkewe. Alitazama zile pikipiki zenye majani.

"Ungeishia kwenye kamba," alisema. "Mdogo wako alikwisha kulibeba kosa la mama. Ungemwachia alibebe."

Fundi angeweza kusema kwamba afande aliuliza, naye akajibu. Angeweza kusema kwamba alikuwa amechoshwa na watu wanaobebana, kwa kuwa wakibebana hivyo wa chini kabisa ni yeye. Badala yake alimtafutia gari, akamkalisha mbele mguu upate nafasi, akamlipia, akamwambia watoto wana kiporo. Yeye akashuka njia ya kwa mama.

Habari ilikuwa imemtangulia, bodaboda huzibeba bure. Mama alikuwa amekaa palepale kizingitini, safari hii bila ungo. Alipomwona mtoto wake anakuja alinyanyuka kwa kujishikilia mlango, akaingia ndani, akatoka na kiti cha mgongo, kile wanachopewa wageni. Akakiweka kivulini akakipangusa kwa kanga.

"Karibu mgeni," alisema. "Keti."

Katika nyumba ile fundi alikuwa amekalia mikeka, vigoda, magunia, ngazi na mapaja ya mama huyuhuyu. Kiti kile hakuwa amekikalia hata mara moja. Alisimama mbele yake akiwa na mkoba begani.

"Mama, atapata dhamana. Kesho nitamtafuta mwenyekiti."

"Ahsante," mama akasema. "Umejisumbua kuja."

Mtamba alilia zizini. Alilia tena, sauti ya njaa, na wote wawili waligeuza vichwa. Mama alitazama magoti yake, akatazama mtaro, akatazama barabara. Gari la mizigo lilipita likayalaza majani mabichi, yakainuka tena.

Fundi aliweka mkoba juu ya kile kiti. Akazunguka nyuma, akafungua zizi, akamtoa mtamba kwa kamba fupi ya katani. Mnyama alivuta kuelekea barabarani, alikozoea. Fundi akajizatiti, akamgeuza, akampeleka upande wa pili, kwenye shamba lililokwisha vunwa, akamfunga kwenye kisiki. Pale palikuwa na mabua makavu na vumbi.

Mama alikuwa amejikongoja hadi kwenye kona ya nyumba. Alimtazama mtoto wake akikaza fundo.

"Hapo hakuna majani," alisema.

"Najua, mama."

Mama akangoja, kama mtu aliyetegemea neno lingine lifuate. Fundi alichukua panga lililokuwa limechomekwa ukutani na gunia tupu, akapita mbele ya mama yake, akashuka mtaroni. Akaanza kufyeka majani ya ukingoni, barabara ameipa mgongo, akijaza gunia, na kila gari lililopita lilimpigia honi asogee.